Mlango wa Wajane

Liévin alikuwa amekwisha kubonyeza namba mara nne, na sanduku lilikuwa limemkatalia mara nne. Kwanza alijaribu mwaka aliozaliwa kaka yake. Kisha mwaka wa ndoa. Kisha namba ya gari. Ya nne hakumwambia mtu ni ipi. Alipiga tu ngumi ukutani, akatoka chumbani akiita kwa sauti iliyopita juu ya kilio chote.

"Mama Ingénieur iko wapi? Yeye njo alitengeneza hii kintu. Akuye aifungule!"

Mama Joséphine alikuwa ameketi mkekani kati ya wanawake, bega lake likigusana na bega la Lydie, mjane. Aliposikia anaitwa hakuinuka mara moja. Alikuwa mwanamke mfupi wa miaka sitini na miwili, mwenye vidole vilivyojaa makovu madogo ya moto wa kulehemu. Wafanyabiashara wengi wa mtaa wa Kamalondo walikuwa wakifunga masanduku yao ya chuma kwa makufuli aliyoyatengeneza yeye, makufuli ya namba, yasiyo na ufunguo.

Marehemu Aristote, kaka yake Liévin, alikuwa mmoja wa wateja wake wa kwanza. Miaka ishirini alipitisha malori ya watu kwenye forodha ya mpakani Kasumbalesa, na Jumanne moyo wake ulisimama akiwa ameshika kikombe cha chai. Sasa ilikuwa Ijumaa, saa nne asubuhi. Jeneza lilikuwa sebuleni, turubai limefungwa uani, viti vya plastiki vimejaa watu. Saa sita walipaswa kuondoka kwenda makaburini.

"Yaya," Lydie alinong'ona bila kuinua uso, akimwita kwa neno la ndugu mkubwa. Kwa watu wao, mjane haongei na wakwe zake kabla mume hajazikwa. Akiwa na neno, hulipitisha kwenye kinywa cha mtu mwingine. "Karatasi ya parcelle, ya hii nyumba yetu, iko ndani. Aristote aliandikisha jina yangu na ya batoto. Coffre ikitoka hapa, ile karatasi hatutaiona tena."

"Alikuambia namba?"

"Alisema ataniambia siku moja."

Mama Joséphine alifumba macho kidogo. Siku moja. Wote husema hivyo.

Chumbani kulikuwa na joto na harufu ya kafuri. Sanduku lilisimama pembeni mwa kitanda, refu kama mtoto wa miaka mitano, limekazwa sakafuni kwa bolti nne. Vijana wawili wa Liévin walikuwa wamekwisha kung'oa tatu kwa mtaimbo. Nje ya dirisha gari lake lilikuwa limeingizwa kinyumenyume hadi karibu na ukuta, mlango wa nyuma ukiwa wazi.

Kando ya kabati alisimama Caleb, rafiki wa marehemu, mfanyabiashara wa jumla aliyetoka Kivu ya Kaskazini zamani na sasa alikuwa na maghala matatu mjini. Yeye hakuwa ndugu wa upande wowote. Alikuja kumlilia rafiki yake, akajikuta amesimama katikati ya ugomvi.

"Ah, Mama ya mafil, mama ya waya!" Liévin alisema. "Umekula bukari ya kilio siku tatu, sasa tumika kidogo."

"Umebonyeza mara ngapi?"

"Mara ine."

"Basi imebaki moja. Ukikosea hiyo, ubongo wa kufuli unajifunga. Hakuna namba itasikia tena."

"Njo maana nimekuita. Bonyeza weye."

"Nani alikuambia mimi niko na namba ya bwana ya wenyewe?"

Caleb akacheka, kicheko kifupi cha kumtetea. "Liévin, muache Mama. Mimi niko na coffre ine kama hii kwa dépôt yangu. Siku ya kuniuzia aliniambia, mwenye namba iko mumoja tu, hata mimi mwenye kutengeneza siwezi. Kwa ile neno moja nilimuletea wateja kumi na tano. Si vile, Mama?"

Mama Joséphine aliinama akaitazama bolti ya nne.

Haikuwa vile.

Baba yake alikuwa fundi wa ishara za reli, na kutoka kwake alijifunza kufuata waya kwa kidole mpaka mahali unapokufa. Akiwa na miaka kumi na tisa aliingia karakana ya simu za reli, msichana peke yake kati ya wanaume thelathini na wanne. Walimficha koleo, walimtuma chai, na baada ya mwaka mmoja wakaanza kumletea kisirisiri kazi zilizowashinda. Baadaye kampuni moja ya madini ilimchukua kutunza mageti yanayofunguka kwa kadi. Huko alijifundisha kuandika programu, usiku baada ya usiku, kwenye kompyuta iliyofutika herufi. Mgodi ulipopunguza watu alifungua karakana yake mwenyewe Kamalondo, kati ya fundi cherehani na baa. Miaka arobaini na mitatu ya kazi, na chini ya yote neno moja: ya mtu ni ya mtu.

Lakini katika mwaka wa kwanza wa makufuli yake, mteja mmoja alikufa bila kusema namba. Ndugu zake walileta fundi wa kukata chuma kwa moto. Moto ulipenya, na karatasi zote zilizokuwa ndani ziliungua. Mjane alikuja karakana na majivu ndani ya bakuli la plastiki, akaliweka juu ya meza ya kazi, akaketi. Alikaa hivyo mpaka jioni.

Tangu hapo, katika kila kufuli lililotoka mikononi mwake, Mama Joséphine aliweka namba ya pili. Hakumwambia mteja hata mmoja. Hakuiandika popote. Moyoni aliiita mlango wa wajane, na katika miaka yote hiyo aliufungua mara tatu tu, kila mara nyumba ikiwa tupu, mjane akiwa peke yake, kisha akasema kwamba ni bahati. Hakuwahi kuufungua mbele ya watu.

"Kama hawezi, hawezi," Liévin alisema. "Vijana, ile ya mwisho. Tunaipeleka kwangu Ruashi. Kuko fundi wa moto, dakika kumi iko wazi."

"Moto utachoma karatasi," Mama Joséphine alisema.

"Basi itachoma. Nyumba itabaki ya ukoo, kama vile ilikuwaka zamani."

Alisema hivyo akitabasamu, na hapo kila mtu chumbani alielewa kwamba karatasi ile ikiungua, yeye hatalia. Mtaimbo uliingia chini ya bolti ya nne. Chuma kilipiga ukelele.

Mama Joséphine alimtazama Caleb. Alijua bei ya maneno aliyokuwa nayo mdomoni. Akiyasema, kabla ya jioni soko zima lingekuwa limejua kwamba anaweza kufungua sanduku la kila mtu. Nani angemwita tena? Na kila karatasi itakayopotea, kila bahasha itakayopungua, jina la kwanza kutajwa litakuwa lake. Angeweza kunyamaza. Hakuna ambaye angemlaumu. Angerudi mkekani, akamshika Lydie mkono, wakalia pamoja.

Bolti ilianza kulegea.

"Acheni," alisema. Sauti ilitoka ndogo, akairudia. "Acheni hiyo. Iko namba ya pili."

Kijana mwenye mtaimbo alisimama. Caleb aligeuka taratibu, kama mtu aliyeitwa na asiyemfahamu.

"Namba ya pili ya nani?"

"Ya kwangu."

"Kwa hii coffre tu?"

"Kwa zote, Papa Caleb."

Kulikuwa na wimbo uani, wanawake wakiimba na kulia kwa zamu.

"Na zangu?"

"Na zako."

"Miaka yote hii nalala," Caleb alisema polepole, "na ufunguo wa nyumba yangu iko kwa mfuko ya muntu mwingine."

"Sikugusa kitu chako hata siku moja."

"Nitajuaje?"

Liévin alipiga makofi mawili. "Mumesikia? Mwizi mwenye diplôme! Sasa Mama, kwa sababu umeshajivua nguo, fungula. Mbele yetu. Na vya ndani mimi njo nitabeba, mimi njo mukubwa ya familia sasa."

Mama Joséphine alipiga magoti mbele ya sanduku. Chini ya mpini kulikuwa na kibao kidogo cha shaba chenye tarakimu tano alizozigonga kwa mkono wake: 40718. Aliweka kidole juu ya namba hizo, na hapo akasita.

Maana kulikuwa na kanuni mbili. Makufuli ya zamani, mlango wa wajane ulifunguka kwa namba ya kibao ikisomwa kutoka mwisho kwenda mwanzo. Baadaye aliona hiyo ni rahisi mno, akabadilisha: katika makufuli mapya, kila tarakimu ya kibao inaongezwa tatu, na ikifika kumi inaanza tena sifuri. Sanduku hili lilikuwa la zamani. Lakini mwaka fulani wa mvua nyingi radi iliunguza ubongo wake, na yeye akaweka mwingine. Aliutoa kwenye kasha moja ambamo ubongo wa zamani na mpya ulilala pamoja bila alama, kwa sababu siri haikupaswa kuwa na alama. Wa zamani au mpya? Alijitahidi kuiona siku ile. Aliona mvua tu, na Aristote akimtania kwamba radi nayo imetumwa na watu wa forodha.

Kanuni mbili, na nafasi moja.

Kulikuwa na tofauti moja. Ukiamsha kufuli kwa kubonyeza kitufe cha chini, ubongo wa zamani hulia mara mbili, mpya mara moja. Kuamsha hakuhesabiwi. Lakini mlio huo ulikuwa ndani, nyuma ya chuma, na betri ilikuwa ya miaka mingi. Alibonyeza, akaweka sikio kwenye mlango. Alisikia wimbo wa uani, na mwanamke akiita jina la Aristote, na kikohozi. Hakusikia sanduku.

"Unaifungula ao unaipima malaria?" Liévin aliuliza. Vijana wake wakacheka.

"Nahitaji kimya," alisema. "Kilio kinyamaze kidogo. Dakika mbili."

Hakuna aliyecheka tena. Hata kijana wa mtaimbo alishusha macho. Kilio hakinyamazi kabla ya jeneza kutoka. Kikinyamaza, watu huuliza ni nani amechoka kumlilia maiti, na kwa nini.

Alitoka mwenyewe mpaka kizingitini. Mama Victorine, aliyeongoza nyimbo za wanawake wa parokia, alimsikiliza huku akiendelea kupiga makofi, kisha akatikisa kichwa.

"Mama Jo, kilio si radio. Hatuizimi."

"Ni kwa ajili ya mjane."

"Tangu lini coffre inaliliwa kushinda muntu? Leo tukinyamaza, kesho batasema mjane alitulipa tunyamaze. Mimi sitaki ile neno kwa mudomo yangu."

Liévin alikuwa amemfuata. Alizungumza kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Muache banyamaze! Wakinyamaza tutajua nani alimuua yaya yangu!"

Mama Joséphine alimtazama Lydie. Ni nini angemwambia? Yeye alikuwa amekwisha kutoa chake. Hakuwa na haki ya kumwomba mwingine atoe chake pia.

Lydie alikuwa ameinamisha kichwa, kitambaa kimemfunika hadi machoni. Taratibu aliweka viganja sakafuni, akainuka. Siku tatu hakuwa amesimama bila kushikwa. Alivua kitambaa. Alipita kati ya wanawake mpaka katikati ya uwanja, chini ya turubai, mahali ambapo wanaume wote walimwona, na kwa kinywa chake mwenyewe, si cha mwingine, akasema:

"Munyamaze. Mimi mwenye bwana nimenyamaza. Muninyamazie."

Mwanamke mmoja aliguna kwa hofu. Wimbo ulikatika vipandevipande, safu ya mbele kwanza, kisha ya nyuma, kisha wanaume, kisha watoto waliokuwa wakicheza langoni. Mama Victorine alibaki na viganja vyake hewani, havikukutana.

Mama Joséphine alirudi chumbani mbio, akapiga magoti, akabandika sikio. Alibonyeza.

Ti.

Alingoja. Pikipiki ilipita barabarani, ikachukua sekunde ile aliyoihitaji, ikaenda nayo.

"Basi?" Liévin aliuliza.

"Sijasikia vizuri."

"Anacheza na sisi."

Nje manung'uniko yalianza, kama maji yanayokaribia kuchemka. Mtu alisema, "Mjane gani huyu?" Mwingine alisema, "Mumuache." Caleb, aliyekuwa ameegemea kabati, alitembea mpaka dirishani akapiga kelele moja tu uani: "Nyamazeni, bwana!" Kisha akarudi kusimama palepale, bila kumtazama Mama Joséphine.

Alibonyeza tena. Mwanga wa tarakimu ulififia. Betri ilikuwa inakufa. Alizuia pumzi. Alikuwa na hakika kwamba hakutakuwa na mara nyingine.

Ti.

Kimya. Kimya. Moyo wake ulipiga, akauogopa kwa kelele yake.

Ti. Nyembamba, ya mbali, kama mbu nyuma ya chandarua.

Mbili. Ubongo wa zamani.

Alisoma kibao kutoka mwisho. Nane. Moja. Saba. Sifuri. Nne. Kidole chake kilikaa juu ya ile nne muda mrefu kabla ya kuibonyeza. Ndani ya chuma kitu kilisogea, kikawa kizito, kikakwama kama kinasitasita, kisha komeo likarudi nyuma na mlango ukapumua.

Liévin alinyoosha mkono. Mama Joséphine aliweka mgongo wake kati ya mkono huo na sanduku.

"Si wewe. Wala si mimi. Papa Caleb, wewe si ndugu ya mtu hapa. Toa karatasi, uende uisome uani."

"Baada ya yale umenifanyia," Caleb alisema, "bado unanituma?"

"Baada ya yale. Wewe ndiye watakayemwamini."

Caleb alimtazama kwa hasira ambayo haikuwa na haraka. Kisha aliinama, akatoa bahasha moja ya khaki, saa ya mkononi, rozari, na rundo la picha. Alipita na bahasha tu mbele ya Liévin, akatoka nayo akiiinua juu ili kila mtu aione. Aliisoma kwa sauti ya mtu aliyezoea kuhesabu magunia hadharani: namba ya parcelle, barabara, vipimo, mihuri, na jina. Jina lilikuwa la Lydie, na chini yake majina ya watoto watatu. Aliisoma mara mbili. Halafu hakumpa Liévin, hakumpa Mama Joséphine. Aliiweka mkononi mwa mjane na kuvikunja vidole vyake juu yake.

"Mumesikia wote," alisema. "Mutu akiuliza, mimi njo nilisoma."

Liévin alisema karatasi inaweza kuandikwa na mtu aliyerogwa. Alisema mengi. Wazee wa ukoo wake walikuwa wamekwisha kuinuka kuelekea kwenye jeneza, na mmoja wao alimwambia bila kugeuka, "Liévin, kuya ubebe yaya yako. Jua linapanda." Alikwenda. Alipopita karibu na Lydie alitema neno: "Mwanamuke mwenye kuzima kilio ya bwana yake. Hii muji haitasahau." Na hakuna aliyembishia, kwa sababu ilikuwa kweli kwamba mji hautasahau. Wanawake wawili waliokuwa mkekani na Lydie tangu Jumanne walikwenda kuketi mbali kidogo.

Jeneza lilipotoka, kilio kilirudi.

Caleb alimkuta Mama Joséphine langoni akivaa viatu.

"Kesho saa mbili uko kwa dépôt na vyombo vyako. Utanitolea ile mulango yako kwa coffre zote ine. Mimi mwenyewe nitasimama pale naangalia."

"Nitakuja."

"Na wale kumi na tano nilikuletea, mimi njo nitabaambia. Sitaki basikie kwa soko."

"Ni haki yako."

Alitaka kuondoka, akasita. "Bibi yangu Graciella, mama ya batoto yangu, hajui namba yangu," alisema, kama mtu anayemlaumu kwa hilo pia.

"Mwambie."

"Hiyo si kazi yako tena, Mama."

Alipanda gari lake. Kupitia kioo Mama Joséphine alimwona ameweka simu sikioni kabla injini haijawaka.

Yeye alipanda basi la wanawake. Nafasi ya kando ya Lydie ilikuwa tupu, pande zote mbili. Alikaa. Lydie alikuwa amejifunika tena kitambaa, bahasha ikiwa kifuani chini ya nguo, mikono yote miwili juu yake, na alikuwa akilia sasa bila kujizuia, kilio cha mtu aliyekuwa amekikopesha na kurudishiwa. Basi lilipita kwenye duka la nguo, kwenye baa, kwenye karakana iliyofungwa yenye ubao aliouchora mwenyewe. Hakugeuka kuutazama.

Kabla hawajafika njia ya makaburi, simu yake ililia. Aliitoa mfukoni. Ilikuwa ya muuza vipuri wa njia ya Likasi, mteja wake wa miaka kumi na moja, mtu mpole.

"Mama Ingénieur, kuna neno Caleb ananiambia hapa. Ni uwongo, si vile?"

"Si uwongo, Papa."

"Hata ya kwangu?"

Wanawake wa kiti cha mbele walikuwa wamenyamaza wakisikiliza. Alibadilisha simu, akaiweka kwenye sikio la upande wa dirisha, akajibu kwa sauti ileile.

"Hata ya kwako."